Pini Mdomoni

Mteja mpya akiingia kwenye duka la Bi Pini alikuwa na kazi mbili: kueleza nguo anayoitaka, na kujifunza kusikilizana na mwanamke asiyefungua meno. Bi Pini alikuwa fundi wa kuaminika, mshono wake haukuwa na mjadala, lakini alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeweza kumwachisha. Pini zake alizishika kwa midomo. Alizipanga safu nzima hapo, akichomoa moja moja kadiri anavyokwenda na pindo, na wakati huohuo anakwambia rudi Alhamisi, kiuno nimekipunguza, usinenepe tena. Maneno yote hayo yalitokea puani na pembeni mwa mdomo. Wenye haraka zao walimwona ana dharau. Waliomzoea walimwelewa neno kwa neno.

Jina hilo alipewa na mumewe. Naye mume alikuwa na lake, Greda, kwa sababu ya mtambo aliouendesha, lile dude refu lenye bamba la chuma tumboni linalosawazisha barabara kabla haijamwagwa lami. Bi Pini na Greda. Watani wao walisema ile si ndoa, ni stoo ya vifaa.

Mwanzoni mwa ndoa, kabla Greda hajaanza kupelekwa mbali, alikuwa akitoka kazini anavuta kiti karibu na cherehani na kuanza maswali. Umekula? Yule mteja mkorofi amerudi? Tufunge sasa? Bi Pini, mdomo umejaa, alimjibu kwa subana, ile kofia ndogo ya chuma ambayo mafundi huvaa kidoleni sindano isiwatoboe. Aliigonga kwenye chuma cha cherehani. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Greda alilipenda jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Siku nyingine aliuliza maswali ya kipuuzi kusudi tu asikie chuma kikilia, na mengine hayakuwa ya kipuuzi hata kidogo, ila hayo yalikuwa yao wawili.

Sasa Greda alikuwa mbali. Barabara mpya ilikuwa inakatwa huko kusiko na mji wala soko, naye hakuwa ameonekana nyumbani tangu mvua za mwaka uliopita. Kampuni iliwaahidi madereva jambo moja. Atakayekaa mpaka barabara ikabidhiwe, atapewa nafasi kwenye karakana ya mjini, afanye kazi hapo na kulala kwake kila siku. Atakayeondoka kabla, kwa sababu yoyote ile, nafasi yake anachukua mwingine, na yeye atangoja barabara ijayo, ambayo kwa kawaida huwa mbali zaidi. Ulikuwa umebaki mwezi.

"Mwezi kitu gani," Greda alimwambia kwenye simu. Alipiga kila siku wakati wa mapumziko ya mchana, akiwa amepanda juu ya rundo la kokoto, maana hapo tu ndipo mtandao ulipopatikana. "Tumekaa hivi miaka, leo tutashindwa na mwezi?"

Bi Pini akagonga mara mbili.

Ukweli ni kwamba alikuwa anashindwa. Alimtamani mume wake kwa namna iliyomtia haya, mtu mzima kama yeye. Alitamani viatu vyake vya tope mlangoni, ambavyo zamani vilikuwa ugomvi wa kila wiki. Alitamani kikohozi chake cha asubuhi. Alikuwa amemkatia shati la samawati, likaning'inia ukutani, mkono wa kushoto umeshonwa na wa kulia umeshikizwa kwa pini tu, kwa sababu hakujua huko alikokuwa mabega yamekuwaje. Angempima akija. Kila alipopita karibu na shati hilo aliinyoosha kola, na kola yenyewe haikuwa na kosa.

Jino lilianza wiki hiyohiyo. Lilikuwa gego la chini, la mwisho kabisa upande wa kulia, lililotoboka siku nyingi na kukaa kimya kama mpangaji mstaarabu. Bi Pini akabana karafuu. Akasukutua kwa maji ya chumvi. Akapita duka la dawa, akapewa vidonge vya maumivu na vidonge vichache vya antibiotiki, akameza hivyo vichache, maumivu yakatulia, akajiona amepona na kuacha. Hapo ndipo alipoteleza, lakini nani hajawahi kuteleza hapo?

Kwenda hospitali aliona ni kujitafutia makubwa. Alimjua Greda. Yule mwanamume akisikia mkewe amelazwa, hata kama ni kwa kucha iliyong'oka, angeshuka kwenye mtambo na kuanza safari kwa miguu. Angekuja, ndiyo, na wangefurahi siku mbili tatu, kisha angeondoka tena kwenda kwenye barabara nyingine, miaka mingine. Kwa hiyo Bi Pini akapiga moyo konde. Jino litangoja. Greda akisharudi moja kwa moja wangekwenda wote kuling'oa, yeye akimshikia mkoba huko nje na kujifanya haogopi.

Jino halikungoja. Maumivu yakahama, yakashuka chini ya taya. Asubuhi moja aliamka anahisi chini ya ulimi kumejaa, ulimi hauna pa kukaa. Kufungua mdomo ikawa kazi. Taya lilikubali kupitisha kijiko, kesho yake likakubali ncha tu ya kijiko. Akaacha vya kutafuna, akaishi kwa uji. Akajifunga mtandio shingoni, akasema kifua kimembana. Pini aliacha kuziweka mdomoni, kwa sababu midomo yenyewe ilikuwa inauma. Na sauti ikawa nzito, imezibwa, inatokea puani na pembeni mwa mdomo.

Hakuna aliyegundua. Mwanamke mwingine yeyote angezungumza vile, mtaa mzima ungemkamata na kumpeleka kwa daktari juu juu. Lakini huyu alikuwa Bi Pini. Wateja walimwitikia kama siku zote, wakachukua nguo zao wakaenda. Greda mwenyewe, juu ya kokoto zake, alicheka.

"Toa pini, mama. Japo leo nikusikie vizuri."

Bi Pini akagonga mara mbili, na machozi yakamtoka.

"Haya," Greda akasema, na kile kicheko kikaisha. "Kazi njema, basi."

Bi Pini alijua amemuumiza mumewe. Mtu amesimama juani kwa ajili ya sauti ya mkewe, anagongewa chuma. Angeweza kujaribu kumwambia kitu, lakini alichokuwa nacho mdomoni siku hiyo hakikuwa sauti ya kumpa mtu unayempenda. Angeisikia, angejua.

Dukani hakuwa peke yake. Alifanya kazi na wifi yake, dada mdogo wa Greda, aliyetia vifungo na kupiga pasi. Wifi huyu alikuwa na mdomo usio na breki. Alizungumza kwa niaba ya watu wawili, kwa hiyo hakuwahi kuhitaji majibu marefu, na siku zile zote hakuona upungufu wowote katika mazungumzo yao.

Siku ilipofika ya kuona, alikuwa anasimulia habari ya jirani aliyenunua kochi lisilopita mlangoni.

"Sasa wamekata kochi au wamekata mlango? Wewe ungekata nini, wifi?"

"Mmh."

"Mmh ndiyo nini? Zitoe hizo pini unijibu kama binadamu."

Akageuka kuchukua kitambaa, na macho yake yakaangukia kimto cha pini juu ya meza. Kilikuwa kimejaa. Pini zote zilikuwa zimechomekwa pale, na chache zilizobaki zilikuwa ukutani, kwenye mkono wa shati la samawati.

Wifi akanyamaza. Kwa mtu kama yeye hilo lenyewe lilikuwa tukio.

"Wifi," akasema polepole, "mdomoni una nini?"

Bi Pini akageuza uso. Mate yalikuwa yanamtoka kwenye pembe ya mdomo, naye alikuwa akiyapangusa kwa kipande cha bitana, maana kuyameza hakuweza tena. Wifi akaja, akaufungua mtandio. Shingo ilikuwa imevimba kutoka upande huu hadi ule, chini ya kidevu kumejaa, ngozi inang'aa na inachoma kwa joto. Alipoibonyeza haikubonyea. Ilikuwa ngumu kama ubao.

"Tangu lini?"

Bi Pini akainua mabega.

"Tangu lini, nakuuliza, na mimi niko hapa napiga domo juu ya kochi la watu?"

Bi Pini akainua kidole, akaonyesha shati ukutani. Wifi alilitazama shati, akamtazama yeye, na macho yakamjaa.

"Kwa hiyo kaka yangu aje akukute makaburini," akasema. "Ndiyo mapokezi uliyomwandalia. Vaa viatu."

Kwenye teksi Bi Pini hakuweza kuegemea. Alikaa ameinama mbele, kidevu amekitoa nje, mikono imeshika kiti cha dereva, na kila pumzi ilitoa mlio. Walipofika mapokezi ya dharura, muuguzi akataka kumlaza kitandani. Akagoma. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili na kutikisa kichwa, na muuguzi akaanza kumbembeleza kama mtoto.

"Msimlaze," mtu akasema nyuma yao. Alikuwa daktari wa masikio, pua na koo, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. "Mwacheni akae alivyojiweka. Hapo ndipo anapopata hewa."

Daktari alitaka kuingiza kidole kimoja katikati ya meno ya mbele, kikagoma kupita. Akamulika kwa tochi kupitia ule upenyo. Ulimi ulikuwa umeinuliwa juu na kusukumwa nyuma. Akabonyeza chini ya kidevu. Akawageukia wote wawili.

"Sauti imebadilika tangu lini?"

Wifi akafungua mdomo, na kwa mara ya pili siku hiyo maneno yakamkimbia. "Daktari," akasema hatimaye, "sisi tulidhani ni pini."

Ikabidi aeleze. Daktari alisikiliza hadi mwisho na hakucheka. Alivuta kiti, akakaa usawa wa macho ya Bi Pini.

"Wewe ni fundi, koti lenye bitana kwa ndani unalijua. Kitu kikidondokea kati ya kitambaa na bitana, kinatembea koti zima na kwa nje hukioni. Shingo ndivyo ilivyo, ina tabaka juu ya tabaka. Usaha umetoka kwenye jino, umeingia humo katikati, na sasa unatafuta njia. Ukishuka utafika kifuani, na huko ni kubaya. Lakini kwa saa hii naogopa ulimi zaidi. Ukivimba kidogo tu kuliko hapa, hewa itaziba. Unanielewa?"

Bi Pini akagonga chuma cha kitanda kwa subana iliyokuwa bado kidoleni, mara moja. Daktari akamtazama wifi.

"Amesema ndiyo," wifi akasema.

"Vizuri. Dawa tunaanza sasa hivi kwenye mshipa, za nguvu. Kisha nitatoboa hapa, chini mbele ya shingo, niweke kijibomba cha kupumulia. Nitafanya ukiwa macho, umekaa hivyohivyo, kwa ganzi. Nikikupa usingizi kwanza, njia ikiziba naweza nisiipate tena. Ukishakuwa unapumua salama ndipo utalala, tuchane chini ya taya usaha utoke, na hilo jino tuling'oe." Akaigusa shingo yake mwenyewe. "Kuna jambo moja. Kijibomba kikiwa ndani, hewa haipiti kwenye nyuzi za sauti. Hutazungumza. Si moja kwa moja. Uvimbe ukishuka tutakitoa, tundu litaziba, utarudi kugombana na wateja."

Bi Pini hakuwa ameogopa hata alipoambiwa habari za kifua. Sasa aliogopa. Alikuwa amembania mumewe sauti siku zote hizo, akiiweka ile nzuri kwa ajili ya siku atakayorudi, kama nguo mpya inayongoja sikukuu, na sasa wanataka kuifunga bila yeye kuivaa hata mara moja. Akamvuta wifi mkono, akamwonyesha simu.

Wifi alipiga. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikuwa saa ya mapumziko. Greda alikuwa kwenye mtambo, huko mabondeni kusikofika mtandao. Bi Pini alitaka kumwita jina tu, hata kwa sauti ile mbaya. Wifi akajaribu tena na tena, hadi daktari akamgusa begani.

"Hatuwezi kungoja zaidi."

Wakamwingiza. Kulikuwa na sindano za ganzi, kisha mikono ikimbonyeza shingoni, kisha kikohozi kikali ambacho alidhani ndiyo mwisho wake. Halafu hewa ikaingia. Iliingia yote, baridi, bila kuombwa, na hapo ndipo Bi Pini alipojua ni siku ngapi amekuwa akiishi kwa pumzi za kuiba.

Kesho yake aliamka wodini, dripu mkononi, bandeji imezunguka taya, na vijimpira viwili vimechomoza pembeni mwa shingo vikitoa uchafu uliobaki. Hewa ilipita kwenye kijibomba ikilia kwa chinichini. Alijaribu kusema "wifi." Midomo ilicheza, na hakuna kilichotoka.

Wifi alikuwa amekaa hapo pembeni, macho mekundu. Alitoa subana mfukoni. Wauguzi walimpa airudishe nyumbani pamoja na hereni, lakini aliona kile kidole kimekaa uchi, akamvisha tena.

Daktari alipita asubuhi, akawaambia habari njema. Usaha ulitoka mwingi, picha ya kifua ilikuwa safi, homa ilikuwa inashuka. Dawa zingeendelea, na safari hii zimalizwe zote, akamtazama juu ya miwani. Kijibomba kingetoka mambo yakienda hivyohivyo. Hatari kubwa ilikuwa imepita. Mtu akihesabu kwa akili, Bi Pini alikuwa ameshinda: angetoka hospitali, angepona abaki na kovu tu, na Greda angerudi mwisho wa mwezi amekabidhi barabara yake, asiondoke tena.

Mchana simu ikalia. Wote wawili walijua ni nani.

Bi Pini akatikisa kichwa kwa nguvu kadiri vijimpira vilivyomruhusu. Usimwambie.

"Mimi simdanganyi kaka yangu," wifi akasema. "Ukitaka adanganywe, mdanganye mwenyewe." Akaiweka simu kitandani karibu na mto, akaipandisha sauti.

"Jana mlinitafuta," Greda alisema. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu. "Nimekuta mmepiga mara nyingi. Nilikuwa chini huko. Mama?"

Kijibomba kililia.

"Una pini mdomoni?"

Angeweza kumjibu ndiyo. Yangekwisha hapo, angesema kazi njema, na mwezi ungeendelea kuisha. Bi Pini akagonga chuma cha kitanda, mara mbili.

Greda akaisogeza simu sikioni. "Huna pini." Kisha, kwa sauti ya chini, "Umenikasirikia?"

Mara mbili.

"Hicho si chuma cha cherehani," Greda akasema. "Cherehani naijua. Uko wapi, uko dukani?"

Mara mbili.

"Unaumwa?"

Wifi alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, na hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Bi Pini alikitazama kidole chake. Akagonga mara moja.

Walimsikia Greda akivuta pumzi. Nyuma yake, mbali, kulikuwa na honi, na mtu akiita watu warudi kazini.

"Sikiliza," akasema. "Nikishuka hapa sasa, karakana imekwenda, unajua. Nikikaa, ni mwezi tu. Mimi siwezi kuamua, kichwa kimesimama. Useme wewe. Nije?"

Jibu alilopaswa kutoa lilikuwa mara mbili. Alikuwa amevumilia taya kwa ajili ya jibu hilo, amekunywa uji kwa ajili yake, amekubali hadi shingo kutobolewa. Daktari alisema hatari imepita. Hakukuwa na sababu hata moja ya Greda kuja leo, isipokuwa kwamba yeye, mkewe, alimtaka hapa, kwenye kiti hicho cha plastiki, na viatu vyake vya tope, sasa, si mwisho wa mwezi.

Akagonga mara moja.

Greda akangoja, kwa sababu hapana nayo huanza hivyohivyo. Bi Pini akaushika mkono wenye subana kwa mkono wa pili, akauingiza chini ya shuka na kuubana hapo, usije ukagonga tena. Kisha, kwenye simu, wakasikia kokoto zikiporomoka chini ya miguu yake, akishuka kuja.